David Sheldrick wa Tsavo na funzo kwa vijana wanaotaka kufungua makao ya punda

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya alasiri, vijana watatu wa mtaani kwetu hapa Malindi walinijia barazani wakiwa na jambo. Wamepata kiwanja nje ya mji, urithi wa nyanya wa mmoja wao, na wanataka kukifanya makao ya punda. Si punda wazima wa kazi, bali wale waliochoka, waliovunjika miguu, waliochubuliwa migongo na matandiko mabovu, ambao wenyewe wamewaacha warande kando ya barabara mpaka wagongwe na matatu. Walitaka niwape baraka zangu na, kama ilivyo ada, niwachangie.

Sikuwajibu siku ile. Niliwaambia warudi Ijumaa. Nilikuwa na sababu yangu ya kusita, na nitaifikia.

Ijumaa waliporudi nikawasimulia maisha ya mtu mmoja. Hakuwa mtu wa pwani wala wa dini yetu. Alikuwa Mzungu wa enzi za ukoloni, na yako aliyoyafanya ambayo majirani zetu wa bara ya Malindi wanayakumbuka kwa uchungu hadi leo. Lakini katika nchi hii sijui maisha ya mtu mwingine yanayoonyesha waziwazi kiasi kile namna makao ya wanyama yanavyoanza, yanavyokosea na yanavyodumu. Jina lake David Sheldrick. Leo nakusimulia na wewe msomaji, maana huenda mtaani kwako pia wapo vijana wenye nia kama hii.

Mwindaji anayegeuka mlinzi

Sheldrick alizaliwa mwaka 1919 mjini Alexandria, Misri, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Familia yake ililima kahawa upande wa Nyeri. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka aliingia jeshi la KAR, lile lile walilochukuliwa wazee wetu wengi, akapigana Uhabeshi na Burma, akatoka na cheo cha meja. Baada ya vita akafanya kazi na kampuni ya safari za uwindaji, akiwapeleka porini wageni wenye fedha waliotaka kupiga wanyama wakubwa.

Nataka msomaji alishike hilo. Mtu ambaye jina lake sasa linatajwa na dunia nzima kwa kulea watoto wa ndovu alianza kwa bunduki. Alijifunza kusoma nyayo, kujua mnyama anakunywa saa ngapi na anapita njia gani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumfuata ili auawe. Ujuzi huo ndio aliougeuza baadaye. Vijana wangu walipenda kuniambia kwamba wanapenda wanyama. Nami nikawaambia kupenda ni jambo jema, ila punda mgonjwa hatibiwi kwa kupendwa. Atatibiwa na mtu anayemjua: anayejua meno yake, kwato zake, anavyosimama akiwa na maumivu ya tumbo, na anavyonyamaza akiwa karibu kufa.

Tarehe 1 Aprili 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Tsavo kuwa hifadhi ya taifa. Ilikuwa kubwa mno, zaidi ya kilomita mraba 20,000, hata ikabidi igawanywe mara mbili, Mashariki na Magharibi. Sheldrick akakabidhiwa Tsavo Mashariki, makao yake yakiwa Voi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 30.

Hebu tuseme ukweli kuhusu nchi aliyopewa. Ni nyika kame yenye miiba na mbung'o, na maji ya kudumu hayapatikani ila mtoni. Ilichaguliwa kuwa hifadhi kwa sehemu kubwa kwa sababu wakubwa waliona haifai kwa kilimo. Mto unaokata katikati yake ni Galana, huo huo ambao ukitufikia sisi hapa Malindi tunauita Sabaki. Matope mekundu tunayoyaona baharini msimu wa mvua yamepita kwanza katika nchi ya Sheldrick.

Maji kwanza, wanyama baadaye

Alipofika Voi hapakuwa na barabara za maana, wala majumba, wala vituo vya askari. Miaka yake ya mwanzo ilikwenda katika kazi ambazo hakuna mtu anayezipigia picha. Alikata barabara, akajenga nyumba za wafanyakazi, akatengeneza vivuko, akatafuta maji. Bwawa la Aruba, ambalo watalii wanaotoka hoteli zetu za Watamu na Diani hupelekwa kutazama ndovu wakioga, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kuziba mto Voi. Kabla ya hapo mahali pale palikuwa pakavu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Niliwauliza vijana: kiwanja chenu kina kisima? Wakatazamana. Nikauliza: punda mmoja anakunywa madumu mangapi kwa siku ya kaskazi? Hawakujua. Majani mtayatoa wapi mwezi wa Februari, Sabaki ikiwa imepungua na ng'ombe wa kila mtu wanagombea kilichobaki? Nako kimya. Nikawaambia wasione haya, mwenyewe sikujua pia nilipoanza. Lakini huo ndio mwanzo wa kazi. Anayechukua mnyama kabla hajapata maji na malisho amemhamisha tu kutoka mateso ya barabarani kwenda mateso ya uani.

Jambo la pili alilofanya mapema ni kuandika. Alitunza kumbukumbu za mvua, za mizoga iliyoonekana, za pembe zilizookotwa na uzito wake. Kazi hiyo inachosha na haina sifa. Hata hivyo ndiyo iliyomwezesha miaka ya baadaye kusimama mbele ya wataalamu na kusema anachokijua, badala ya anachokidhania. Daftari la shilingi hamsini linatosha kuanza: punda gani aliletwa lini, na nani, akiwa na nini, akapewa dawa gani, akafaje ikiwa amekufa.

Samson, Fatuma na wenzao

Makao ya yatima Tsavo hayakupangwa na mtu. Yalikuja yenyewe. Mkuu wa hifadhi anayezunguka nyika kila siku hukuta ndama wa ndovu amesimama kando ya mama aliyeuawa, au kifaru mdogo aliyetumbukia matopeni. Ama umwache afe, ama umlete nyumbani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 Sheldrick alianza kuwaleta nyumbani. Kati ya wa kwanza walikuwepo ndovu wawili, Samson na Fatuma, hili la pili jina ambalo hakuna mtaa wetu usiokuwa na mwenye nalo. Baadaye wakafuata wengine: kifaru aliyeitwa Rufus, nyati, swala, hata mbuni. Mwaka 1960 alimuoa Daphne, binti aliyezaliwa na kulelewa Kenya, na kuanzia hapo kazi ya ulezi ikapata mikono iliyoiweza zaidi kuliko yake. Katika mwanzo wa miaka hiyo ya 1960 akaletwa pia ndovu jike aliyeokotwa Samburu, akaitwa Eleanor, ambaye alikua na kuwa kama mama wa kila ndama aliyekuja baada yake.

Kilichotofautisha makao yale na bustani za wanyama ni kwamba mlango ulikuwa wazi. Mchana yatima walitoka na walezi wao kwenda kula porini pamoja, jioni wakarudi zizini kwa ajili ya simba. Kadiri walivyokua walikutana na ndovu wa mwituni, wakachelewa kurudi, wakalala huko siku moja, mwishowe wakaenda zao. Hakuna aliyewazuia. Sheldrick na mkewe waliona kwamba kazi yao ni kumfikisha mnyama mahali ambapo hawahitaji wao tena.

Hapa kijana mmoja alinikatiza, na alikuwa na haki. Alisema punda si ndovu, hana mwitu wa kurudia. Ni kweli. Lakini swali ni lile lile: mnyama akiingia, atatoka vipi? Punda aliyepona arudi kwa mwenyewe? Kwa masharti gani? Apewe mtu mwingine mwenye huruma? Au abaki mpaka afe, labda miaka 20 na zaidi, maana punda aliyetunzwa huishi muda mrefu? Makao yasiyokuwa na mlango wa kutokea hujaa. Yakishajaa, wote wanashinda njaa.

Pale alipokosea, au tulipokosewa

Sitaki kumfanya mtu huyu walii. Ndani na pembezoni mwa nchi ile iliyotangazwa hifadhi walikuwepo watu. Walikuwepo Waata, ambao sisi pwani tumezoea kuwaita Wasanye au Waliangulu, waliokuwa wawindaji wa ndovu tangu enzi za babu zao. Upinde wao ulikuwa mkubwa na mzito kuukunja kiasi cha kuwashangaza wageni waliojaribu, na mishale yao ilipakwa sumu ya mti. Waorma walilisha mifugo yao. Wakamba, Wataita na Wagiriama nao walikuwa na njia zao huko. Siku moja ikatangazwa kuwa kuwinda ni wizi na kulisha ni kosa.

Miaka ya 1956 na 1957 Sheldrick, pamoja na Bill Woodley na wenziwe, aliongoza kampeni kubwa dhidi ya uwindaji. Aliunda kikosi cha askari chenye nidhamu ya kijeshi, akawafuata wawindaji hadi vijijini mwao nje ya hifadhi, akapata habari kwa waliokamatwa ili awakamate wengine. Kwa upande wa ndovu, ilifaulu. Kwa upande wa Waata, wanaume walifungwa na jamii nzima ikapoteza kazi iliyoijua. Na tusijitoe sisi pwani katika hesabu hiyo. Pembe zile hazikuliwa na Waata. Zilinunuliwa kwa bei duni na wafanyabiashara, zikashuka mpaka bandari zetu, zikavuka bahari. Aliyekwenda jela ni mwenye upinde. Mwenye duka alibaki na duka lake.

Kwa haki yake, Sheldrick aliliona hilo. Yeye na Woodley walikuwa kati ya waliosema kwamba ujuzi wa watu wale usipotezwe, na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango upande wa Galana, mashariki ya hifadhi, ambamo Waata wangewinda idadi fulani ya ndovu kihalali na nyama na pembe ziuzwe kwa utaratibu. Mpango haukudumu kama ulivyokusudiwa, na nchi ile baadaye ikawa ranchi. Waata hawakurudishiwa walichopoteza.

Kwa nini nalieleza hili kwa vijana wa punda? Kwa sababu mwenye punda aliyejeruhiwa mara nyingi ni maskini kuliko punda wake. Ni mchukuzi wa maji au wa mawe ya matumbawe, anayelisha watoto sita kwa mkokoteni mmoja. Ukimwendea kama askari, ukampokonya mnyama na kumtukana mbele ya watu, umeokoa punda mmoja na umejifanyia maadui mtaa mzima. Kesho atamficha mgonjwa wake usimwone. Ukimwendea kwa salamu, ukamfundisha kutengeneza tandiko lenye pamba badala ya kamba tupu, ukampaka dawa mnyama wake bure, atakuletea wa jirani yake. Lamu wana kituo cha punda tangu miaka ya 1980 kinachotibu bila malipo, na wenye punda wanakwenda kwa miguu yao wenyewe. Kwendeni kule mkatazame, nikawaambia, kabla hamjajenga hata ua.

Ukame

Kufikia miaka ya 1960 ndovu wa Tsavo walikuwa wengi hata wakawa tatizo. Waliangusha miti, wakabandua magome ya mibuyu, na misitu ya miiba ikageuka majani. Mwaka 1966 waliuawa ndovu 300 kwa ajili ya utafiti, na mwanasayansi aliyekuja kuongoza utafiti wa Tsavo, Richard Laws, akapendekeza wauawe maelfu zaidi ili nchi ipumue. Sheldrick alikataa. Alishikilia kwamba nyika ina mzunguko wake, kwamba miti ikienda majani yanakuja, na wanyama wa majani wanakuja nayo, na kwamba mwanadamu asiharakishe kuweka mkono wake. Mabishano yalikuwa makali na Laws akaondoka.

Kisha ukaja ukame wa 1970 na 1971. Ndovu walikufa kwa maelfu, na makadirio yanayotajwa sana ni karibu 6,000. Walikufa zaidi majike na watoto, kwa kuwa jike mwenye ndama hawezi kwenda mbali na maji kutafuta chakula, naye hamuachi. Wapo waliosema Sheldrick ndiye aliyewaua kwa ukaidi wake. Wapo waliosema alikuwa sahihi, na kwamba idadi ilijirekebisha wenyewe bila damu mikononi mwa mtu. Ubishi huo haujaisha baina ya wenye elimu hiyo, na sitaumaliza mimi kwenye safu hii. Ninachojua ni kwamba alikaa palepale, akahesabu mizoga, akaandika.

Ukame ulileta balaa jingine. Pembe zilizagaa porini, watu wakaingia kuziokota, bei ikapanda, na wengine walipozimaliza za waliokufa wakaanza kuua walio hai. Kuanzia hapo wawindaji walikuja na bunduki. Mwisho wa miaka ya 1960 ndovu wa eneo lote la Tsavo walikadiriwa kupita 30,000. Mwisho wa miaka ya 1980 walibaki kama 6,000.

Aisha na mafuta ya nazi

Katikati ya shida hizo, mwaka 1974, waliletewa ndama mchanga kabisa, wakamwita Aisha. Hadi wakati huo walikuwa wameweza kuwalea ndovu waliokwisha kuanza kula majani. Wachanga wa kunyonya walikufa wote. Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa ndovu. Mafuta yaliyomo tumbo lake haliyawezi, huharisha hadi akakauka. Daphne alikuwa amejaribu michanganyiko mingi kwa miaka. Safari hii akapata maziwa ya unga ya watoto wa binadamu yenye mafuta ya nazi ndani yake, na tumbo la Aisha likatulia. Nazi yetu hii, tunayoikuna kila siku kwa mchuzi na wali, ndiyo ilikuwa karibu zaidi na mafuta ya maziwa ya ndovu kuliko chochote walichojaribu.

Aisha alikua. Alimfuata Daphne kila alipokwenda, na hakumtaka mwingine. Miezi ikapita. Kisha Daphne akalazimika kusafiri siku chache, kwenda harusi ya binti yake. Aisha akaachwa na mlezi mwingine, maziwa yake ni yale yale, zizi lake ni lile lile. Akagoma kula. Daphne aliporudi, ndama akamfia mikononi.

Kosa halikuwa la harusi. Kosa lilikuwa kumruhusu mtoto ategemee moyo wa mtu mmoja. Kutoka siku ile wakajifunza kwamba yatima wa ndovu anataka familia, na familia ni watu wengi. Mpaka leo katika kituo kilichotokana na kazi yao walezi hulala zizini na ndama usiku kucha, na hupokezana, huyu leo na yule kesho, ili asizoee mmoja akaja kufa kwa ajili yake.

Na hapa nafika kwenye sababu yangu.

Miaka mingi nyuma, nilipokuwa bado nafundisha, nilikuwa na punda uani kwangu. Nilianza na mmoja mwenye kidonda, kisha watu wakasikia, wakawa watano. Nilifurahi. Watoto wa mtaa walikuja kuwatazama, na baadhi ya jirani walilalamikia harufu na kelele za usiku, nami nikawaona hawana huruma. Sikumwita hata mmoja tukazungumza. Mmoja wa wale punda akazaa, mama akafa siku ya tatu. Nikamlea mwanawe kwa chupa. Nilimpa maziwa ya ng'ombe matupu kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo, akaharisha, nikayapunguza kwa maji na kumtilia sukari kidogo kama nilivyoambiwa na mzee mmoja, akapata nafuu. Akawa ananifuata hadi mlango wa msikiti. Nilijivuna kwa hilo, Mungu anisamehe.

Kisha nikashikwa na homa, nikalazwa siku tisa. Mke wangu, marehemu, alikuwa na watoto wadogo na mgonjwa hospitali. Hakuna mtu mwingine aliyejua vipimo vya ile chupa, saa zake, wala dawa za wale wanne wengine. Vyote vilikuwa kichwani mwangu. Niliporudi nyumbani mwanapunda hakuwepo. Walionizunguka walinificha siku mbili kabla ya kuniambia. Wale wanne niliwatoa kwa watu mwezi uliofuata, na sikuuliza tena waliishia wapi. Nimeandika safu nyingi katika maisha yangu. Hili sikuwahi kuliandika.

Niliposoma habari ya Aisha, miaka mingi baadaye, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Mwisho wake

Mwaka 1976 serikali iliunganisha idara ya hifadhi na idara ya wanyamapori. Baada ya miaka kama 28 Sheldrick akahamishwa kutoka Tsavo kwenda Nairobi, kwenye kazi ya mipango ya ofisini. Aliyeacha Voi aliacha barabara, mabwawa, kikosi cha askari na kundi la yatima likiongozwa na Eleanor. Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Juni, moyo wa Sheldrick ulisimama. Alikuwa na miaka 57.

Ingekuwa kazi ya mtu mmoja, ingeishia pale. Lakini mwaka huo huo mjane wake akaanzisha wakfu kwa jina lake, akaendelea na ulezi wa yatima katika Hifadhi ya Nairobi, na wakishakua wanarudishwa Tsavo kuzoeshwa mwitu. Daphne naye alifariki mwaka 2018, na kazi ikachukuliwa na binti yao. Wapo ndovu mwituni leo waliolelewa kwa chupa na ambao wamezaa watoto wao huko. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo. Ukipanda treni kwenda Nairobi, baada ya Mariakani kaa dirishani, huenda ukawaona.

Idadi hiyo nayo ina machungu yake. Ndugu zetu wa Taita Taveta na bara ya Kilifi wanavunjiwa mashamba, na wengine wameuawa. Swali la mwaka 1948, nani aliulizwa, bado linasubiri jibu lenye haki. Mwenye kutaka kulinda mnyama anapaswa kulibeba na hilo.

Nilichowajibu vijana

Niliwaambia nitawachangia, kwa masharti. Kwanza wachimbe kisima, na waniletee hesabu ya malisho ya mwaka mzima, ikiwemo miezi ya kiangazi. Wazungumze na majirani wa kiwanja kabla ya punda wa kwanza kuingia. Hati ya urithi iwekwe sawa, kwa kuwa ardhi ya nyanya ina wajukuu wengi, na kiwanja kisicho na karatasi kitauzwa siku makao yamepata jina. Waende kwa daktari wa mifugo wa kaunti wamjue naye awajue. Wakiletewa mnyama wa mwituni, awe kima au kobe wa baharini, wasimfuge, sheria hairuhusu bila kibali; waite watu wa KWS. Waanze na punda wawili, wasizidi, mpaka mwaka uishe.

Sharti la mwisho ndilo nililolisisitiza. Kila anachokijua mmoja wao kuhusu mnyama, wengine wawili wakijue na kiandikwe daftarini. Mmoja akiugua, akipata kazi Qatar, akioa Mombasa, punda asijue tofauti.

Walitoka bila kusema mengi, nikadhani nimewavunja moyo. Jumatatu yule mdogo wao alirudi peke yake. Alikuwa amekwenda kiwanjani na mzee mchimba visima, wameambiwa maji yapo ila yana chumvi kidogo, akataka kujua kama punda anaweza kunywa maji ya chumvi. Nilimwambia ya chumvi kidogo anayaweza, ila asiniamini mimi, akamuulize daktari.

Akatoa daftari mfukoni, akaandika.